Mtoto Wako Anapenda Mpira: Umsaidie Namna Gani?



Pengine unaye mtoto wa miaka mitano au sita ambaye akiamka asubuhi anautafuta mpira kabla hata ya kunawa uso. Ukimtuma bombani, anakwenda akipiga mawe kwa mguu. Jioni anarudi amejaa vumbi, goti limechubuka na ndara moja haipo. Wewe umeshinda kwenye foleni, sabuni imekwisha, na unamwambia: "Achana na mpira, mpira haulishi mtu!"

Tunakuelewa. Lakini leo tunakuomba uutazame mpira huo upande wa pili.

Je, mchezo una faida gani kwa afya?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 atumie angalau dakika 60 kila siku katika michezo inayomfanya apumue kwa kasi. Wa miaka 3 na 4 anahitaji dakika 180 za kujongea kwa siku nzima. Kukimbia huimarisha mifupa, moyo na mapafu, na humsaidia mtoto kulala vizuri.

Faida nyingine haionekani kwa macho. Wako watoto kambini waliofika hapa wakiwa wameona mambo ambayo hata mtu mzima hawezi kuyasimulia. Wengine wamezaliwa hapa, lakini wanasikia mahangaiko ya wazazi wao kila usiku. Mchezo una kanuni: uwanja unaanzia hapa, unaishia pale, ukianguka mwenzako anakuinua. Mtoto asiyeweza kueleza yaliyo moyoni mwake hupata hapo utulivu kidogo, na marafiki pia, wawe Wakongo, Warundi, Wanyarwanda au Wamalawi.

Je, nimsaidie namna gani bila pesa?

1. Mtengenezee mpira pamoja naye. Matambara katikati, mifuko ya plastiki juu, kamba kuzunguka. Uwe mwepesi, usimuumize mguu. Mifuko ishike wewe: mtoto mdogo akijifunika uso kwa mfuko anaweza kukosa pumzi.

2. Mtazame akicheza, hata dakika kumi tu. Kisha muulize: "Leo umejifunza nini?" kabla ya kumuuliza: "Mmeshinda?" Mtoto wa umri huu anataka kuonwa na mama au baba yake kuliko kusifiwa na umati.

3. Usimkaripie kwa kukosa goli. Akilia baada ya kufungwa, mwache alie, kisha mwambie kesho atacheza tena.

4. Mwache ajaribu michezo mingine: kuruka kamba, netiboli, kukimbizana. Mwili wa mtoto hukua vizuri zaidi ukifanya mambo mbalimbali.

5. Tafuteni mahali salama. Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hadi 12,000, na sasa tumezidi 50,000. Nafasi ni finyu. Majirani wapatane ni saa ngapi watoto wachezee wapi, mbali na barabara, mashimo ya vyoo na moto wa kupikia.

Je, na binti yangu?

Naye pia. Dada wawili kutoka Rumphi, kaskazini mwa Malawi, Tabitha na Temwa Chawinga, wamecheza mpira hadi Ulaya, China na Marekani. Mwaka 2024 Temwa alifunga magoli 20 katika ligi ya wanawake ya Marekani na akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Mgawie binti yako kazi za nyumbani sawa na kaka yake, ili naye abaki na saa moja ya kucheza.

Mambo ya kuangalia

Maji: mtoto anywe kabla na baada ya kucheza, hasa miezi ya joto ya Oktoba na Novemba.

Vidonda: osha kwa maji safi na sabuni. Usipake udongo wala majivu. Kidonda kirefu au kichafu kionwe zahanati, na uje na kadi ya chanjo.

Homa: usiseme "ni uchovu wa mpira". Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Kichwa: akigonga kichwa kisha akatapika, akasinzia kupita kawaida au akapata degedege, mlete mara moja, hata usiku.

Chakula: mtoto aliyezoea kucheza, ghafla akawa anakaa tu pembeni, huenda ana njaa au anaumwa. Mlete apimwe uzito, na aliye chini ya miaka mitano apimwe mkono kwa utepe.

Onyo muhimu

Tunajua ndoto zenu. Eduardo Camavinga alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya wakimbizi nchini Angola, wazazi wake wakiwa Wakongo, na leo anacheza Real Madrid. Awer Mabil alizaliwa Kakuma, Kenya, na mwaka 2022 alikuwa katika kikosi cha Australia kwenye Kombe la Dunia. Lakini wote wawili waliondoka kambini pamoja na familia zao. Hawakununuliwa na wakala.

Mtu akija kukuambia kwamba atampeleka mwanao nchi nyingine kucheza mpira, na anataka pesa, hati au picha zake, mkatalie. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa katika hali chache sana. Mwaka 2022 polisi wa Malawi na Umoja wa Mataifa walitangaza kwamba wafanyabiashara ya binadamu walikuwa wakiendesha shughuli zao humu Dzaleka. Toa taarifa polisi au kwa kitengo cha ulinzi.

Kwa sasa mtoto wako hahitaji wakala, wala uwanja mkubwa wa Bingu ulioko Lilongwe, ambao wengi wetu hatuwezi kuufikia bila kibali. Anahitaji mpira wa matambara, maji ya kunywa, na wewe umesimama pembeni ya uwanja.

Kumbuka: mtoto anayecheza ni mtoto anayepona.