Haki Inayokwama Dirishani: Utangulizi wa Sheria ya Ulemavu na Huduma za Serikali

Mgeni katika taaluma hii hutarajia kukutana na watu wabaya: karani anayemfukuza asiyeona, mwalimu mkuu anayemkataa mtoto mwenye ualbino. Wapo, na sheria ina majibu yao. Lakini sehemu kubwa ya kazi yetu inahusu ubaguzi usio na mbaguzi. Hakuna ofisa aliyetamka neno hapana. Fomu ndiyo iliyokataa, au ngazi, au kipaza sauti kinachoita namba ya kiziwi naye amekaa palepale akingoja zamu yake.

Chukua kesi ya George Lane wa Tennessee, Marekani, aliyetumia kiti cha magurudumu. Aliitwa mahakamani katika wilaya ya Polk. Chumba cha mahakama kilikuwa ghorofani na jengo halikuwa na lifti. Mara ya kwanza alitambaa ngazini hadi juu. Mara ya pili alikataa kutambaa, akakataa na kubebwa, akakamatwa kwa kosa la kutofika mahakamani. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, kwa kura za majaji 5 dhidi ya 4, kwamba Lane anaweza kulidai jimbo fidia. Hakimu wa Polk hakuwa amepitisha kanuni ya kuwazuia wenye ulemavu. Ngazi zilitosha.

Ili ujue mizizi ya sheria iliyomwezesha Lane kushitaki, rudi nyuma hadi 1973, Marekani ilipopitisha Sheria ya Utengamao. Mwishoni mwake kulikuwa na Kifungu cha 504, sentensi moja tu, iliyofuata mfano wa sheria ya 1964 dhidi ya ubaguzi wa rangi. Ilisema kwamba mtu mwenye ulemavu aliye na sifa zinazotakiwa asitengwe, asinyimwe manufaa wala asibaguliwe, kwa sababu tu ya ulemavu wake, katika programu yoyote inayopokea fedha za serikali ya shirikisho. Nguvu yake ilikuwa katika fedha hizo: shule, hospitali au kampuni ya mabasi iliyozipokea ilipokea na sharti.

Kwa miaka karibu minne sentensi hiyo ilikaa bure. Kanuni za kuitekeleza hazikutiwa saini, na bila kanuni hakuna aliyejua mlango uwe na upana gani, nani amlipe mkalimani, wala malalamiko yapelekwe wapi. Tarehe 5 Aprili 1977, watu zaidi ya mia moja, wengi wao wenye ulemavu, waliingia katika jengo la serikali San Francisco na kukataa kutoka. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo Judy Heumann na Kitty Cone. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka habari nje kwa lugha ya alama kupitia madirisha. Chama cha Black Panther, cha wanaharakati Weusi, kiliwaletea chakula. Tarehe 28 Aprili, waziri aliyehusika, Joseph Califano, alizitia saini kanuni hizo. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu: katiba na sheria mama zisome kwa heshima, lakini kanuni, waraka, fomu na bajeti zisome kwa makini. Haki ya raia huishi au kufa humo.

Swali gumu zaidi lilifika mahakamani 1985, katika kesi ya Alexander dhidi ya Choate. Ili kubana matumizi, Tennessee ilipunguza siku za kulazwa hospitalini ambazo bima ya afya ya watu wa kipato cha chini ingelipia, kutoka 20 hadi 14 kwa mwaka. Kanuni ilikuwa moja kwa wote. Lakini kwa takwimu za jimbo lenyewe, asilimia 27.4 ya wagonjwa wenye ulemavu waliolazwa walihitaji siku zaidi ya 14, wakati kwa wasio na ulemavu ni asilimia 7.8 tu. Je, huo ni ubaguzi? Mahakama ilisema hapana, kwa kuwa kila mgonjwa alipewa siku zilezile 14 na kuweza kuzitumia. Hata hivyo Jaji Thurgood Marshall, aliyeandika uamuzi huo, aliacha kipimo tunachokitumia mpaka leo: mwenye ulemavu apewe fursa ya kweli ya kuifikia huduma, si fursa ya jina. Alikiri pia kwamba ubaguzi wa aina hii mara nyingi hautokani na chuki, bali na kutofikiriwa na kutojaliwa. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kumkumbuka Marshall: mwaka 1960 alikwenda London, kwenye mkutano wa Lancaster House, kuwasaidia wajumbe Waafrika wa Kenya kuandaa rasimu ya haki za raia.

Dunia ilipiga hatua nyingine tarehe 13 Desemba 2006, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Mkataba unatamka wazi kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Marekebisho hayo ni mabadiliko anayohitaji mtu fulani katika jambo fulani: maandishi ya nukta nundu kwa huyu, mkalimani kwa yule, muda wa ziada wa mtihani kwa mwingine. Yana mpaka, kwani taasisi haidaiwi mzigo unaopita uwezo wake. Kesi nyingi utakazosoma zinagombania mpaka huo.

Sasa tazama nyumbani. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma, kutumia usafiri na kupata habari. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, mwaka huohuo. Maneno mazuri tunayo. Yapime kwa programu halisi. Nchini Tanzania, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Uliza: tangazo la mikopo lilimfikiaje asiyeona? Mafunzo ya wakopaji yalikuwa na mkalimani? Ofisi ya maombi iko chini au ghorofani? Nchini Kenya, programu ya Inua Jamii hulipa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa Sh2,000 kwa mwezi, na mara nyingi anayezipokea ni mlezi. Uliza: mlengwa mwenyewe ana kauli gani juu ya fedha hizo, ilhali Ibara ya 12 ya Mkataba inamtambua kuwa mtu kamili mbele ya sheria?

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Programu zinazowakwamisha watu wenye ulemavu kwa kawaida zilibuniwa mezani ambako hawakuwapo, kisha zikapelekwa kwao zikiwa zimekamilika. Kwa hiyo usijifungie maktabani. Kaa na vyama vyao, maana wao ndio wanaojua ni ukurasa upi wa fomu unaowarudisha nyumbani.

Mabishano utayakuta, na ni mema. Wapo wanaotaka mafungu maalumu kama ile asilimia 2, na wapo wanaohofu kwamba fungu dogo litakuwa kisingizio cha kuwafungia wenye ulemavu asilimia 98 zilizobaki. Wapo wanaoamini kesi mahakamani, na wapo wanaoona kwamba mhasibu wa halmashauri akishawishika kabla ya bajeti kupitishwa, kesi haitahitajika. Mimi naegemea kwa mhasibu, ingawa najua kwamba bila hofu ya kesi huenda asingefungua hata barua yetu.