Kinywaji cha Maua Kisiwatishe Walimu

Desturi ya kuinua bilauri na kuzigonganisha imekwisha kupenya hata huku kwetu Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ni nadra siku hizi kuhudhuria arusi au karamu ya mahafali isiyokuwa na chupa moja ya shingo ndefu, iliyovikwa karatasi ya rangi ya dhahabu, ikingojea kufunguliwa kwa mshindo. Chupa hiyo hununuliwa Kitale kwa bei ya kuumiza, nayo huitwa shampeni, ingawa aghalabu haina lolote la shampeni ila mshindo wenyewe. Wafaransa ni wakali mno kuhusu jina hilo. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikubaliana nao, ikapiga marufuku kinywaji cha maua ya mti uitwao elda kuuzwa kwa jina la shampeni.

Kisa hicho cha mahakamani ndicho kilichonitia fikirani. Ikiwa wanavijiji wa Uingereza huchuma maua yaotayo kando ya njia, wakayaloweka pamoja na sukari na ndimu hata wakapata kinywaji chenye povu na harufu nzuri, sisi tumezuiwa na nini? Ndugu zetu wa pwani wamejua tangu zamani kutia maji ya mawaridi katika sharubati, na huko Oman wakulima wa Jabal Akhdar hukamua riziki yao kutoka katika waridi. Afrika Mashariki nayo ina choya, ambayo Wasudani na Wamisri huiita karkade. Mwanafunzi wa biolojia na azingatie kwamba kile tukiitacho ua la choya si ua hasa, bali ni sepali nene, nyekundu, zinazobaki zikilikumbatia tunda baada ya petali kupukutika. Mmea wenyewe hupenda joto la nyanda za chini; sisi wa miteremko ya Mlima Elgon hatuna budi kununua choya iliyokaushwa.

Mimi hutengeneza hivi. Huchemsha lita 2 za maji, nikatia gramu 40 za choya kavu na kipande cha tangawizi kilichopondwa, chenye ukubwa wa kidole gumba. (Kitale imeinuka takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi wala si 100, mtu wa mlimani na asiwe na haraka ya kuepua.) Baada ya dakika 10 huchuja, nikakoroga gramu 160 za sukari, kisha nikaacha mpaka maji yawe vuguvugu. Hapo hukamulia ndimu mbili na kutia chembe chache za hamira ya mkate, zisizozidi robo ya kijiko cha chai. Maji yakiwa ya moto, hamira hufa na kazi yote huwa bure. Hujaza katika chupa za plastiki zilizooshwa vyema, nikiacha nafasi ya vidole vitatu juu, nikafunga kizibo. Huku kwetu, ambako usiku ni wa baridi, chupa huwa ngumu kama jiwe baada ya siku moja au mbili. Ikiisha kuwa ngumu, huwekwa kwenye jokofu. Asiye na jokofu na ainywe siku hiyo hiyo. Chupa ya kioo sithubutu kuitumia, kwani ikizidiwa na shinikizo hupasuka na kurusha vigae.

Nilipomsimulia mwalimu mwenzangu habari hizi, alinikatiza. Aliniuliza kama nataka kuwafundisha watoto wa watu kupika chang'aa. Swali hilo si la kudharauliwa mahali kama hapa, ambapo pombe kali huvushwa mpakani gizani na vijana wetu huijua mapema kuliko wanavyojua mizani ya kemia. Nani asiyekumbuka mikasa ya Mei 2014, ambapo makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu, au vifo vya Kirinyaga vya Februari 2024?

Hata hivyo, mwenzangu alichanganya mambo mawili. Kilichoua mwaka 2014 ni methanoli, kemikali ya viwandani iliyotiwa ndani ya pombe na watu wenye tamaa. Hamira iliyotiwa katika maji ya sukari haitoi methanoli ya kumpofusha wala kumwua mtu. Hutoa vitu viwili kwa pamoja: kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo povu, na alkoholi ya kawaida. Gramu 180 za glukosi hugeuka kuwa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi. Ni mapacha, na uzito wao unakaribia kulingana. Basi kinywaji changu kinapopata gramu 4 za gesi katika kila lita, povu la kumtosha mgeni yeyote, kimepata pia alkoholi ya takribani nusu ya asilimia moja kwa ujazo. Nikikisahau mpaka sukari yote iliwe, na chupa ivumilie, kitafika asilimia 5, yaani sawasawa na bia.

Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka mwanafunzi aifanye kwa mkono wake mwenyewe. Katika silabasi ya 8-4-4, alkanoli zilifundishwa kidato cha nne, na wengi walikariri mlinganyo bila kuuhusisha na chungu cha busaa kilichokuwa kikitokota nyumbani kwa nyanya, chenye unga wa mahindi na kimea cha wimbi. Nyanya alijua siku na saa ya kukiepusha kisichachuke mno. Shule ilijua sababu. Wawili hao hawakukutanishwa. Kijana aliyeachwa katikati yao hujifunza habari za pombe kwa muuzaji, na muuzaji hana haja ya kumweleza tofauti ya ethanoli na methanoli.

Hata hivyo, mwenzangu nampa haki yake katika jambo moja: kinywaji cha hamira, hata kiwe na nusu asilimia, sikipeleki shuleni. Kwa wanafunzi hutumia njia nyingine. Huchemsha choya, tangawizi na sukari kwa nusu ya maji, nikapata rojo zito jekundu, nikaliacha lipoe. Wageni wakisha keti, humimina sehemu moja ya rojo hilo na sehemu mbili za maji ya soda yaliyotoka kwenye baridi. Povu lake limetoka kiwandani, na gesi ya viwanda vyetu haitoki mbali: huko Kereita, Kaunti ya Kiambu, kaboni dayoksaidi huvunwa kutoka ardhini. Anayependa asali na aitumie badala ya sukari, ila asimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani asali yaweza kubeba vijidudu vinavyomdhuru mchanga.

Kabla ya kunywa, mwalimu na atenge kiasi kidogo cha rojo katika bilauri mbili. Moja aitie ndimu, nayo itazidi kuwa nyekundu. Ya pili aitie maji ya magadi yale ya kupikia mboga, nayo itageuka buluu, kisha kijani. Karatasi za litmasi huwa zimekwisha katika maabara nyingi za vijijini. Pakiti moja ya choya itatosha darasa zima, na kitakachosalia kinaweza kunywewa, isipokuwa ile bilauri ya magadi.