Tovuti Zimekuwa Nyingi: Mwanafunzi wa Lugha Ana Nafasi Gani?

Wenzangu kitivoni huniuliza mwanafunzi wa lugha anatafuta nini katika utengenezaji wa tovuti. Jibu langu ni kwamba kadiri kazi hiyo inavyokua na ushindani unavyozidi, ndivyo lugha inavyopanda thamani. Nieleze.

Tovuti ya kwanza ilitengenezwa na Tim Berners-Lee huko CERN, karibu na Geneva, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1991. Wakati ule aliyetaka ukurasa aliandika HTML kwa mkono, na walioijua walikuwa wachache. Mwaka 2003 ikatoka WordPress, programu ya bure yenye violezo tayari. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Matokeo ni mawili. Soko limepanuka, hata duka dogo la Bukavu au Lubumbashi laweza kuwa na tovuti. Lakini bei ya kazi nyepesi imeshuka, kwa sababu kupanga kiolezo hakuhitaji tena fundi mkubwa, na kijana wa hapa hushindana na wa Nairobi, Lagos na Bangalore.

Anayeuza kiolezo peke yake, basi, anauza kitu ambacho kila mtu anacho. Kilicho adimu ni maneno yanayomfaa msomaji. Tovuti nyingi za mashariki mwa Kongo nazikuta kwa Kifaransa tupu, ilhali wateja sokoni huuliza, hulalamika na hupatana bei kwa Kiswahili. “Panier” tuiite kikapu? “Se connecter” iwe ingia? Mteja akikosea kujaza fomu, aambiwe kwa heshima gani? Hayo ni maswali ya istilahi na pragmatiki, si ya kompyuta.

Hata ndani ya msimbo lugha inahesabika. Kila ukurasa unapaswa kutaja lugha yake: “fr” kwa Kifaransa, “sw” kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kongo kina hata alama yake katika orodha ya ISO, “swc”. Ukurasa wa Kiswahili ukiandikwa “fr”, programu inayowasomea vipofu itafuata matamshi ya Kifaransa, na “chai” itasikika “she”. Asiyeona atakuwa amefungiwa mlango kwa herufi mbili.

Napendekeza tuanze na jambo dogo: somo la istilahi litoe orodha ya maneno mia moja ya tovuti, walimu waisahihishe, kisha tuwapelekee mafundi wa mjini. Wao wana violezo. Maneno tunayo sisi.