Mali Iliyomo Katika Kifusi

Nyumba ya mawe ikianguka mjini, watu huona kifusi tu, na neno lisemwalo kwanza ni, "Kitupwe." Leo twataka kueleza kwa nini kutupa huko ni hasara.

Kwanza na tujue jinsi nyumba hizo zilivyojengwa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, na Lamu vilevile, kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya namna hiyo kwa kuni nyingi, kisha kuyazima kwa maji. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti si ndefu, vyumba vikawa vyembamba.

Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji. Mvua hupenya juu, na unyevu hupanda kutoka chini pamoja na chumvi. Chokaa huuacha unyevu utoke tena, saruji huuzuia. Mtu akiziba ufa kwa saruji huona ukuta umekuwa mgumu, akafurahi. Kumbe ndani yake chumvi yalila jiwe, na ncha za boriti zaoza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi twaongeza, angalia waziba kwa kitu gani.

Je, nyumba ikiwa imekwisha anguka? Hapo yako mambo matatu ya kufanya. Kwanza, mawe yachaguliwe, yakwanguliwe chokaa ya zamani, yapangwe pahali pakavu, yatajenga tena. Pili, boriti nyingi huoza kwenye ncha tu. Palipooza pakatwe, na kipande kizima kitafaa chumba chembamba zaidi, au juu ya dirisha. Tatu, mlango wa nakshi usiuzwe kwa mpita njia, maana huo ndio uso wa nyumba. Tena, kila jiwe litumikalo mara ya pili laokoa jingine lisichimbwe, na kila boriti yaokoa mkoko mmoja, ambao ni ngome ya pwani na malezi ya samaki.

Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Lakini sifa haishiki ukuta. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 zamani za Sultani Barghash, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu 2 wakafa.

Basi kila mtaa na uweke kiwanja kimoja cha kuhifadhia mawe na boriti, na kabla ya masika watu wakague mapaa na mifereji. Na vijana wamwendee mwashi mzee wajifunze kuzima chokaa, angali hai. Kwani jiwe laweza kungoja chini ya kifusi, lakini ujuzi wa fundi haungoji.