Njia ya baiskeli iliyozaliwa na mafuriko jangwani

MWENDESHA baiskeli anayeingia jangwani kwa mara ya kwanza huogopa mambo mawili, jua na kiu. Mwenyeji wa Tucson, mji uliopo kusini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, huongeza la tatu: gari. Kama ilivyo miji mingi ya magharibi mwa nchi hiyo, Tucson ilipanuka katika zama za magari. Barabara zake ni pana, zimenyooka, na dereva aliyezizoea hupita kwa kasi pasipo kutazama sana pembeni.

Hata hivyo, ni katika mji huohuo ambapo mtu anaweza kutembea kwa baiskeli siku nzima, akauzunguka mji kwa takriban kilomita 86 na kurudi alipoanzia, huku sehemu kubwa ya safari akiwa mbali na magari. Njia hiyo ya lami wenyeji huiita Loop, yaani mzunguko. Pamoja na matawi yake, yakiwemo yanayofika Marana na Oro Valley, ina urefu wa zaidi ya kilomita 210. Watembea kwa miguu, wakimbiaji na hata wapanda farasi huitumia pia.

Mgeni hudhani kuwa mji huo una mapenzi makubwa na baiskeli. Mapenzi yapo, lakini si yaliyoijenga njia hiyo. Iliyoijenga ni hofu ya maji.

Tucson ipo katika jangwa la Sonora na hupata mvua isiyofika milimita 300 kwa mwaka. Mito yake mikuu, Santa Cruz na Rillito, kwa miezi mingi huwa mchanga mtupu ambao mtu anaweza kuuvuka bila kulowesha viatu. Mwishoni mwa Septemba 1983, mabaki ya dhoruba ya Octave kutoka bahari ya Pasifiki yalimwaga mvua kwa siku kadhaa mfululizo. Ilipofika Oktoba 2, mto Santa Cruz ulikuwa ukipitisha takriban meta za ujazo 1,490 kwa sekunde.

Hasara kubwa haikutokana na maji kupanda juu ya kingo. Ilitokana na kingo zenyewe kumeguka. Kando ya Rillito, majengo yalitumbukia mtoni baada ya udongo uliokuwa chini yake kuliwa na mkondo, na madaraja yakabaki hayana pa kuegemea.

Baada ya hapo wahandisi wa kaunti ya Pima waliongeza kasi ya kuzijengea kingo kuta za udongo na saruji. Mbinu yenyewe si ngumu: udongo wa palepale mtoni huchanganywa na saruji na maji kidogo, kisha hushindiliwa tabaka juu ya tabaka hadi ukawa mgumu kama jiwe. Gharama yake ni nafuu kuliko zege, kwa kuwa sehemu kubwa ya malighafi haisafirishwi kutoka mbali. Ukuta wa namna hiyo huhitaji kukaguliwa na kukarabatiwa, kwa hiyo juu yake huachwa ukanda wa ardhi ili mitambo ipite.

Ukanda huo ndio uliogeuka kuwa njia. Ulikuwa tambarare, mrefu, hauna nyumba, na serikali ya kaunti ilikuwa na haki ya kuutumia. Kilichobaki kilikuwa kuweka lami, kupanda miti na kuunganisha vipande vilivyokatika. Kazi hiyo ilichukua miongo kadhaa. Leo mzunguko unafuata Rillito upande wa kaskazini, Santa Cruz upande wa magharibi, korongo la Julian upande wa kusini na lile la Pantano upande wa mashariki.

Hapa ndipo msafiri wa baiskeli anaponufaika na kazi ambayo haikufanywa kwa ajili yake. Barabara kuu za mji huvuka mito kwa madaraja, na njia hupita chini ya mengi ya madaraja hayo. Hapo hakuna taa za barabarani za kusubiri wala makutano ya kuvizia. Na kwa sababu mto huteremka polepole, hakuna mwinuko wa kumtoa mtu pumzi, hata mwenye keria iliyojaa mizigo.

Lakini njia iliyojengwa kwa ajili ya mafuriko hubaki kuwa mali ya mafuriko. Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba ni msimu wa mvua za radi. Mvua inaweza kunyesha katika milima ya Santa Catalina huku mjini jua linawaka, na maji yakafika chini ya daraja yakiwa kasi na yamejaa tope. Mwendeshaji akikuta maji chini ya daraja hana budi kugeuza, hata kama yanaonekana ya kifundoni.

Joto ni hatari isiyo na kelele. Wakati wa kiangazi nyuzi 38 za Selisiasi ni jambo la kawaida, na lami huwa na joto zaidi ya hewa. Wazoefu huondoka saa 11 alfajiri, hubeba maji ya kutosha lita moja kwa kila saa, na ifikapo saa 4 asubuhi wamekwisha kurejea. Miezi inayofaa mgeni ni kuanzia Oktoba hadi Aprili. Vivuli ni vichache, vingi vyake vya mti wa mesquite, ambao ni wa jamii moja na mathenge wanaowasumbua wafugaji wa Baringo nchini Kenya. Na mbigili, zilezile zinazochoma nyayo za watoto Afrika Mashariki, zipo tele pembezoni mwa njia. Asiyebeba pampu, viraka na mpira wa akiba atajuta.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba mto huenda unakotaka. Haupiti mlangoni mwa soko, shule wala kazini. Anayetoka nyumbani kwenda kwenye njia, au anayetoka kwenye njia kwenda dukani, hulazimika kuingia barabarani. Njia hiyo sasa ina jina rasmi la Chuck Huckelberry, aliyekuwa msimamizi wa kaunti ya Pima tangu mwaka 1993 na mmoja wa waliosukuma ujenzi wake. Oktoba 2021, akiwa juu ya baiskeli katikati ya mji wa Tucson, aligongwa na gari na kuumia vibaya. Ajali hiyo haikutokea kwenye njia iliyopewa jina lake, bali katika mtaa wa kawaida.

Novemba 2018 wapiga kura wa Tucson walikuwa wameidhinisha mkopo wa dola milioni 225 kwa ajili ya bustani za umma na viunganishi, yaani mitaa tulivu na njia ndogo za kuwafikisha watu mahali pasipo kupambana na magari. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuweka lami juu ya ukuta wa mto, kwani mtaani kila meta tayari ina mwenyewe.

Anayefika Tucson kwa treni ya abiria, inayopita mara tatu kwa wiki kati ya Los Angeles na New Orleans, hushuka katikati ya mji. Kutoka kituoni hadi ukingo wa Santa Cruz hapazidi kilomita 2. Tramu iliyoanza kazi Julai 2014 huvuka mto huo kuelekea magharibi. Mwenye baiskeli anayetaka kukanyaga mwenyewe atapita mitaani, pamoja na magari, mpaka auone mchanga.