Kubadilisha toleo la R: sasa ao ngojea?

Wandugu, mbele ya kuweka R mpya, sikieni yaliyonipata hapa Miti. Jaribio langu la maharagi, nilipanga vipande vya shamba kwa R 3.5: set.seed, kisha sample. Karatasi ya mpango ikalowa mvua. Nikasema si neno, kodi iko. Nikaiendesha kwa R mpya: namba ileile, mpango mwingine! Ningepima mavuno hivyo, aina moja ingepewa kilo za nyingine.

Sababu? Tangu R 3.6.0 (2019), sample inachagua kwa njia nyingine, juu ile ya zamani ilipendelea kidogo namba fulani. Niliandika RNGversion("3.5.0") mbele ya set.seed, mpango wangu ukarudi.

Basi tubaki na ya zamani? Hapana. Makosa yanarekebishwa katika matoleo mapya, na paketi nyingi zinayadai. Lakini kazi iliyokwisha kuanza imalizike na toleo lake. Jipya liweke pembeni, endesha kodi ileile, linganisha majibu. Hesabu pia mega, juu paketi utazipakua upya. Na namba ya toleo, iandike ndani ya kazi yako ya kumaliza masomo.