Usihesabu Umri wa Mtoto, Hesabu Tarehe ya Ajira

"Mwanangu wa kwanza ana miaka miwili na sasa nina ujauzito mwingine. Ofisini wameniambia miaka mitatu haijapita, kwa hiyo sina likizo ya uzazi. Nifanyeje?"

Swali hili nimeulizwa na wahudumu wa hoteli, walimu wa shule binafsi, wahasibu, wafanyakazi wa viwanda vya nguo na hata maofisa rasilimali watu, ambao wanalipwa ili wajue jibu. Nimelijibu kwenye simu, kwenye semina na barazani baada ya ibada, na bado linarudi vilevile, neno kwa neno. Leo nalijibu kwa maandishi ili anayetaka akate ukurasa akauweke juu ya meza ya bosi wake.

Sharti la kupishanisha watoto kwa miaka mitatu halimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Soma kifungu cha 33 kinachohusu likizo ya uzazi, kutoka juu hadi chini. Hutaliona. Sheria haimuulizi mama mtoto wake wa mwisho ana umri gani. Inauliza jambo jingine kabisa: uliajiriwa lini?

Nazungumzia Tanzania Bara na waajiriwa walio chini ya sheria hiyo. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005, na watumishi wa umma wana Kanuni zao za Kudumu, kwa hiyo nao waanzie huko. Wengine wote, tusomeni pamoja.

Kifungu cha 33 kinampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua pacha au zaidi, ndani ya kila mzunguko wa likizo. Hapo kwenye "mzunguko wa likizo" ndipo ofisi nyingi zinapopotea. Kwa likizo zote isipokuwa ile ya mwaka, mzunguko ni miezi 36 ya kufanya kazi mfululizo kwa mwajiri mmoja. Miezi hiyo inaanza kuhesabiwa siku ulipoajiriwa. Ikiisha, mzunguko mwingine unaanza siku inayofuata, upende usipende, uwe umezaa au hujazaa. Kujifungua hakuusimamishi mzunguko wala hakuuanzishi upya.

Tuweke tarehe mezani. Dada mmoja ameajiriwa 1 Machi 2019. Mzunguko wake wa kwanza unaishia 28 Februari 2022. Wa pili unaanza 1 Machi 2022 na kuishia 28 Februari 2025. Amejifungua mtoto wa kwanza mwanzoni mwa Novemba 2021, akachukua siku zake 84, akarudi kazini kabla Februari haijaisha. Mtoto wa pili amezaliwa Januari 2024. Kati ya watoto hao ni miaka miwili na miezi miwili tu. Ofisi itamwambia hana chake. Sheria inasema anazo siku 84 kamili zenye mshahara, kwa sababu uzazi wa kwanza ulikuwa kwenye mzunguko wa kwanza na huu wa pili umeangukia mzunguko wa pili.

Mwenzake aliajiriwa naye siku hiyohiyo. Yeye amejifungua Aprili 2022, kisha Agosti 2024. Amepisha miaka miwili na miezi minne, muda mrefu kuliko mwenzake. Lakini kujifungua kote kuwili kumo ndani ya mzunguko mmoja, na mwajiri halazimiki kumlipa likizo ya pili. Aliyepisha muda mfupi analipwa, aliyepisha muda mrefu halipwi. Mtu anayehesabu kwa umri wa mtoto hawezi kulipata jibu hili hata akihesabu mara kumi. Barua ya ajira inalitoa kwa dakika mbili.

Hii miaka mitatu imetoka wapi, basi? Haikuzuka hewani. NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, inatoa fao la uzazi kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 36, ikiwemo michango ya karibuni kabla ya kujifungua, na fao hilo halitoki tena mpaka miaka mitatu ipite tangu lile lililotangulia. Hilo ni sharti la Mfuko, kuhusu fedha za Mfuko, na ni sharti halali. Watu wamelibeba kutoka dirisha la NSSF wakalipeleka kwenye mlango wa mwajiri, likawa kanuni ya nchi nzima bila Bunge kuipitisha. Ofisi zimeliingiza kwenye vitabu vyao vya kanuni. Wanawake wamepanga uzazi kwa kulifuata. Wengine wamefukuzwa kwa kulivunja. Yote hayo kwa sharti ambalo katika sheria ya kazi halipo.

Mkanganyiko huohuo umezaa kosa la pili. Mwajiri anasema: "Si utalipwa na NSSF? Mshahara wa nini tena?" Hapana. Sheria ya Ajira inaposema likizo yenye malipo inamwambia yeye, mwajiri. Fao la uzazi linatokana na michango iliyowekwa kwa jina la mama kila mwezi, na lina masharti yake. Anayestahili fao akalidai NSSF; anayestahili likizo akalipwe na mwajiri. Mama ambaye hajatimiza miezi 36 ya michango hana fao, lakini likizo yake yenye mshahara iko palepale ilimradi ametimiza miezi sita kazini. Mwajiri asimsubirishe mtu na mtoto mchanga mgongoni akingoja Mfuko ulipe.

Nije sasa kwenye dawa ya vichochoroni, maana ndiyo inayoniudhi kuliko yote. Mama akishaambiwa kwamba "miaka mitatu haijapita", hujitokeza mtu wa kumwonea huruma, mara nyingi msimamizi wake: "Andika barua ya kuacha kazi, kajifungue kwa amani, ukipona tutakurudisha." Inatolewa kwa sauti ya upole, na mama anaondoka akishukuru. Naomba kila anayesoma hapa asiandike barua hiyo.

Barua ya kuacha kazi inakata ajira. Ukishaiandika, hukufukuzwa, umeondoka mwenyewe, na hoja ya kuachishwa isivyo halali umeizika kwa sahihi yako. Kiinua mgongo, ambacho sheria inakiweka kuwa angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, ni haki ya anayeachishwa na mwajiri baada ya kutimiza mwaka kazini. Aliyejiondoa mwenyewe hakidai. Ukirudishwa, kama utarudishwa, unaanza na tarehe mpya. Mwajiriwa aliye chini ya miezi sita hana likizo yenye malipo, na tena hawezi kudai ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Kwa hiyo umerudi kazini na mtoto mchanga nyumbani, na kwa nusu mwaka huna kinga uliyokuwa nayo siku ulipoandika barua. Kule NSSF nako umeacha pengo la michango katika miezi ambayo ungeihitaji zaidi. Huruma ya aina hiyo imewagharimu wanawake wengi mno, na wanaoitoa hawapotezi hata shilingi.

Ndugu ya dawa hiyo ya kuacha kazi ni dawa ya kuficha mimba mpaka tumbo lionekane. Najua hofu inayoizaa. Lakini sheria inamtaka mama atoe taarifa ya likizo angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, ikiwa na cheti cha daktari. Taarifa hiyo ndiyo inayokupa nguvu. Mwajiri haruhusiwi kumpangia mjamzito au anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na kama kazi yake ni ya hatari anapaswa kumpa nyingine inayofaa pale inapowezekana, bila kushusha masharti yake. Zamu ya usiku nayo haimhusu mjamzito katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Bosi asiyejua hawezi kubanwa kwa hayo. Na akikuachisha kazi kwa sababu ya ujauzito, sheria inahesabu kuwa umeachishwa isivyo halali. Kifungu cha 7 nacho kinakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ujauzito.

Kuna mikataba yenye kipengele cha "kutoshika mimba miaka miwili ya mwanzo". Nimeletewa, nimeisoma, sahihi zipo. Viwango vya likizo vilivyo kwenye sheria ni sehemu ya kila mkataba wa ajira, na mkataba unaweza kukupa zaidi ya hapo tu, si pungufu. Kipengele kama hicho ni wino uliopotea bure. Kinafanya kazi kwa sababu moja tu: aliyekisaini anakiogopa.

Kama umehesabu vizuri na ukakuta kujifungua kote kuwili kumo ndani ya mzunguko mmoja, usikate tamaa. Usichopata ni malipo ya likizo ya pili. Kazi yako inabaki yako. Sheria inakataza mama kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza, na kosa la mwajiri kukuachisha kwa ajili ya mimba hiyo liko palepale. Zungumza naye, na kwa maandishi, kuhusu likizo bila malipo au likizo yako ya mwaka ya siku 28. Na ikiwa mtoto wa kwanza alifariki kabla ya kutimiza mwaka, sheria inakupa siku 84 nyingine zenye malipo ndani ya mzunguko uleule. Wapo akina mama waliofiwa ambao walinyimwa siku hizo kwa sababu hawakujua wala hawakuambiwa. Kikomo kingine cha kukumbuka ni hiki: mwajiri mmoja analazimika kulipia likizo za uzazi nne, si zaidi.

Mengine nayapitia haraka.

Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi daktari akisema afya inahitaji. Ukimaliza unarudi kwa masharti yaleyale, kazi na mshahara uleule. Usikubali siku 84 zikatwe kwenye likizo ya mwaka. Sheria inakataza kuitumia likizo ya mwaka badala ya nyingine unayostahili. Ukirudi una hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kunyonyesha. Aliyejifungua mtoto njiti anaongezewa muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito, kwa marekebisho ya mwaka 2025, na baba wa njiti anapata siku saba. Baba mwingine ana siku tatu zenye malipo, azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, akichelewa zimepotea. Mtoto akiugua, mzazi ana angalau siku nne zenye malipo kwa mzunguko mzima wa miezi 36. Mzazi mwenye mtoto mlemavu anayehudhuria kliniki kila wiki hana siku zenye malipo zaidi ya hizo nne katika sheria hii, na Bunge lililowakumbuka watoto njiti linapaswa kumkumbuka na huyu.

Nyaraka: barua ya ajira, kadi ya kliniki, cheti cha daktari, hati za mshahara, nakala ya taarifa uliyotoa ikiwa na mhuri au sahihi ya aliyeipokea. Kagua michango yako NSSF sasa, kabla ya mimba kukua, maana mwajiri anaweza kukukata kila mwezi bila kupeleka. Mwajiri akikaidi, mwone Afisa Kazi wa eneo lako au chama chako cha wafanyakazi. Ikishindikana, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ukiachishwa kazi una siku 30 tu za kupeleka mgogoro huko. Migogoro mingine, kama kunyimwa malipo ya likizo, ni siku 60. Siku hizo zinahesabiwa hata ukiwa bado wodini, kwa hiyo mtume ndugu akachukue fomu.

Na ninyi maofisa rasilimali watu: fungueni kitabu cha kanuni cha ofisi yenu leo. Kikisema "miaka mitatu kati ya mtoto na mtoto", futeni mstari huo, andikeni "mara moja kwa kila mzunguko wa miezi 36 tangu tarehe ya ajira", kisha tafuteni majalada ya wanawake mliowanyima likizo kwa kosa hilo na muwalipe. Hamhitaji kungoja CMA iwaagize.